Makosa ya Wizi na Adhabu Zake: Ufafanuzi kwa Watumishi na Wananchi Wanaofika Mbeya na Iringa

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kwamba makosa ya jinai hayamo katika orodha ya Mambo ya Muungano, na kwamba kila upande una sheria yake. Zanzibar inatumia Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya mwaka 2018. Tanzania Bara inatumia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo asili yake ni kanuni iliyotungwa Tanganyika mwaka 1930 na kufanyiwa marekebisho mengi tangu wakati huo. Mkaazi wa Unguja au Pemba anayetuhumiwa kutenda kosa Mbeya au Iringa hushitakiwa huko huko, mbele ya Mahkama za huko na kwa sheria ya huko.

Jambo hili linawagusa watu wengi. Wafanyabiashara wa Visiwani hufuata mchele wa Kyela na Mbarali, mbao za Mufindi, vitunguu, na mbatata ambazo wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini huziita viazi mviringo. Watumishi huhudhuria vikao na mafunzo, na vijana husoma katika vyuo vya mikoa hiyo. Wote hao wanaweza kuibiwa, na wanaweza pia kutuhumiwa kuiba. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kwamba kutoijua sheria si udhuru. Kwa sababu hiyo imeonekana ni vyema kueleza namna makosa ya wizi yanavyogawanywa katika sheria ya Tanzania Bara, na sababu ya watu wawili waliochukua kitu cha thamani moja kupata adhabu zilizopishana kwa miaka mingi.

Sheria za Tanzania zilifanyiwa urekebu na kuchapishwa upya katika Toleo la mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilishwa namba. Namba zinazotajwa katika ufafanuzi huu ni zile zilizozoeleka kabla ya Toleo hilo. Mwenye shauri Mahkamani anashauriwa kuzilinganisha na Toleo jipya.

MAANA YA WIZI

Kifungu cha 258 kinaeleza kwamba mtu ameiba iwapo, kwa nia ya udanganyifu na bila ya madai ya haki, amechukua kitu kinachoweza kuibiwa, au amekigeuza kitu hicho kuwa cha matumizi yake au ya mtu mwengine asiyekuwa mwenyewe. Maelezo hayo yana sehemu tatu, na upande wa mashtaka hauna budi kuzithibitisha zote: kwamba kitu kimechukuliwa au kimegeuzwa matumizi, kwamba kitu hicho ni cha aina inayoweza kuibiwa, na kwamba mtendaji alikuwa na nia ya udanganyifu.

Katika sehemu ya kwanza, sheria haidai kwamba kitu kifikishwe mbali. Mtu huhesabiwa kuwa amechukua pindi anapokisogeza kitu au anaposababisha kisogee. Aliyelinyanyua gunia la mchele kutoka katika rundo la mwenziwe kwa nia ya kuondoka nalo, akakamatwa kabla ya kufika mlangoni, hawezi kusema kwamba wizi haukutimia kwa kuwa gunia halikutoka nje ya ghala.

Kugeuza matumizi ni jambo jengine. Hapo kitu kilikuwa tayari mikononi mwa mtu kwa njia ya halali. Dereva aliyekabidhiwa mbao kutoka Mafinga azifikishe Dar es Salaam, kisha akauza sehemu ya mbao hizo njiani kwa faida yake, hakuzichukua kwa siri kutoka kwa mwenyewe. Amekabidhiwa kwa hati na kwa mkono. Kosa lake limeanza pale alipozifanya kuwa zake.

VITU VINAVYOWEZA KUIBIWA

Kila kitu kisicho na uhai, chenye mwenyewe na kinachoweza kuhamishwa, kinaweza kuibiwa. Kitu kilichoshikamana na ardhi au na jengo huingia katika kundi hilo mara tu kinapofanywa kiweze kuhamishwa, hata kama aliyekibandua alifanya hivyo ili apate kukiiba. Kanuni hii ina uzito mkubwa katika mikoa ya kilimo na misitu. Mti uliosimama katika shamba la mtu ni sehemu ya ardhi. Ukishakatwa ni gogo, na gogo linaibika. Mbatata zilizo chini ya udongo zinaibika zinapochimbuliwa. Bati, dirisha na nyaya za umeme zinaibika zinapong'olewa. Kwa miti ya misitu ya hifadhi, kama ile ya Sao Hill wilayani Mufindi, ipo pia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yenye makosa na adhabu zake.

Wanyama wa kufugwa wanaweza kuibiwa, na kila kinachotokana na miili yao, kama maziwa au ngozi, kinaweza kuibiwa pia.

NIA YA UDANGANYIFU

Sehemu hii ndiyo inayowaponza watumishi wengi, kwa sababu maneno ya sheria yanatofautiana na yale ambayo watu wamezoea kuyaamini. Inadhaniwa kwamba mwizi ni yule tu anayekusudia kumnyima mwenye mali kitu chake moja kwa moja. Hiyo ni nia moja kati ya tano zinazotajwa na sheria. Nia nyengine ni kukitumia kitu cha mtu kuwa rehani au dhamana. Kukitoa kwa sharti la kukirejesha ambalo mtoaji huenda asiweze kulitimiza. Na kukitumia kwa namna ambayo hakiwezi kurudi katika hali iliyokuwa nayo.

Nia ya tano inahusu fedha peke yake. Mtu anayechukua fedha za mwengine kwa kusudio la kuzitumia apendavyo ana nia ya udanganyifu, hata kama alikusudia kuzirejesha baadaye.

Mfano wake ni mtunza fedha wa skuli ambaye, tarehe 20 ya mwezi, amechukua kwenye sanduku la ada fedha za kumpeleka mtoto wake hospitali, huku akiwa na azma ya kweli ya kuzirudisha siku ya mshahara. Ukaguzi ukifika tarehe 25, maneno yake kwamba angelipa hayavunji shitaka. Huenda yakasikilizwa na Mahkama wakati wa kupima adhabu, lakini kosa limeshatimia. Hata akizirejesha fedha zote kabla ya kufikishwa Mahkamani, kurejesha huko hakulifuti kosa. Mtumishi anayekusanya fedha za umma hana budi kuelewa kwamba mkopo ambao haukuidhinishwa na mwenye fedha hauhesabiwi na sheria kuwa ni mkopo.

MADAI YA HAKI NA MALI ILIYOOKOTWA

Kwa upande mwengine, sheria haimtii hatiani mtu aliyechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ni chake au kwamba ana haki nacho. Kifungu cha 9 kinamkinga mtu wa namna hiyo iwapo hakuwa na nia ya kudanganya. Ndugu wawili wanaogombania shamba la marehemu baba yao, mmoja akavuna mahindi akiamini kwamba shamba ni lake, wana mgogoro wa madai. Mashauri ya namna hii hufikishwa mara nyingi Polisi kama wizi, na mengi huanguka, kwa sababu Mahkama ya jinai si pahala pa kuamua nani mrithi. Imani hiyo lazima iwe ya kweli. Aliyevuna usiku, akaficha mazao na kukana kwamba hayajui, atapata taabu kueleza kwamba aliamini kuwa ni yake.

Aliyeokota kitu kilichopotea hahesabiwi kuwa mwizi iwapo, wakati anakifanya chake, hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Mkoba uliookotwa katika kituo cha mabasi ukiwa na kitambulisho ndani yake haumpi mwokotaji kinga hiyo.

Pia si kweli kwamba mtu hawezi kuiba mali ambayo ana fungu ndani yake. Mshirika katika biashara, au kiongozi wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa au chai, anaweza kupatikana na hatia ya kuiba mali ya ushirika huo ingawa na yeye ni mmoja wa wenye mali.

MASWALI MANNE YANAYOGAWANYA MAKOSA

Kifungu cha 265 kinaweka adhabu ya jumla ya wizi, ambayo ni kifungo kisichozidi miaka 7. Adhabu hiyo hutumika pale ambapo sheria haikuweka adhabu nyengine kwa sababu ya aina ya kitu au mazingira ya wizi wenyewe. Vifungu vinavyofuata vinaweka adhabu hizo nyengine. Thamani ya mali huzingatiwa katika kupima adhabu, lakini katika mgawanyo wa makosa yapo maswali manne yenye nguvu zaidi: kilichoibiwa ni kitu gani, aliyeiba ni nani kwa mwenye mali, kimeibiwa wapi, na je, nguvu imetumika?

Swali la kwanza ni la kitu. Wizi wa mifugo una kifungu chake, cha 268, na wanyama wanaohusika ni pamoja na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na punda. Kosa hili limo pia katika Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu, Sura ya 90, ambayo inaweka kifungo kisichopungua miaka 5. Kuku hawamo katika orodha hiyo, hivyo aliyeiba kuku kumi anashitakiwa kwa wizi wa kawaida, na aliyeiba mbuzi mmoja yumo katika hatari ya miaka 5 hata kama kuku wale walikuwa na thamani kubwa kuliko mbuzi. Katika bonde la Usangu, ambako wafugaji na wakulima wanaishi pamoja, tofauti hii si ya vitabuni tu. Mnunuzi wa mifugo anapaswa kudai vibali na hati za mauziano kabla ya kulipa. Wasia na barua au vifurushi vya posta navyo vimewekewa vifungu vyao.

Swali la pili ni la nafasi ya mtu. Mwajiriwa anayemwibia mwajiri wake, wakala anayeiba alichokabidhiwa, mkurugenzi wa kampuni na mtumishi wa umma wametengewa vifungu vyao, kuanzia cha 270 hadi cha 273, na adhabu ziko juu ya ile ya wizi wa kawaida. Sababu yake inafahamika: mgeni huvunja kufuli, na mtu wa aina hii amekabidhiwa ufunguo. Mtumishi wa umma anaweza vile vile kushitakiwa kwa ubadhirifu chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, au chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200, ambayo mashauri yake huhitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Swali la tatu ni la mahali. Kifungu cha 269 kinaongeza uzito wa kosa iwapo kitu kimeibiwa mwilini mwa mtu, katika nyumba ya kuishi kwa masharti yaliyotajwa, au katika chombo na ghala la mizigo iliyo safarini. Mizigo mingi ya kwenda na kutoka Zambia, Malawi na Kongo hupita Nyanda za Juu Kusini kwa barabara kuu na kwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo ilianza kazi rasmi mwaka 1976 na hupita Makambako na Mbeya. Anayeshusha katoni moja kutoka katika lori linalopanda mlima Kitonga kwa mwendo wa taratibu, au kutoka katika behewa lililosimama stesheni, hakutenda wizi wa kawaida. Ameiba mali iliyo safarini, ambayo mwenyewe hawezi kuilinda kwa macho yake.

Kuvunja jengo na kuingia kwa nia ya kutenda kosa ni kosa jengine kabisa, linaloshitakiwa pamoja na wizi. Likitendwa usiku jina lake hubadilika na adhabu yake huwa nzito zaidi. Si lazima mlango uvunjike: kufungua mlango uliorudishiwa tu, au kuinua komeo, kunatosha kuitwa kuvunja.

Swali la nne, la nguvu, ndilo linalobadilisha kila kitu. Anayeiba na, kabla tu ya kuiba, wakati wa kuiba au mara baada yake, akatumia nguvu au akatishia kuitumia ili apate mali au abaki nayo, ametenda unyang'anyi. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 15. Iwapo alikuwa na silaha au chombo cha hatari, hilo ni kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya kifungu cha 287A, kilichoingizwa katika Kanuni mwaka 2004, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Silaha si bunduki peke yake. Panga, kisu na rungu vimo.

Mfano mmoja wa simu utaonesha ngazi hizo. Kijana amechomoa simu katika mfuko wa mnunuzi sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, akakimbia: huo ni wizi wa kuchomoa mwilini. Mwenye simu amemshika mkono, na kijana amempiga ngumi ili aponyoke na simu: wizi umekuwa unyang'anyi. Kijana hakupiga ngumi bali alichomoa kisu na kumtishia mwenye simu ili asiachie alichoiba: sasa ni unyang'anyi wa kutumia silaha, hata kama kisu hakikumgusa mtu. Simu ni ile ile, thamani ni ile ile, na muda uliopita haufiki dakika moja.

KIMA CHA JUU NA KIMA CHA CHINI

Msomaji wa sheria hana budi kutofautisha aina mbili za hesabu ya miaka. Sheria inaposema kwamba mtu anastahili kifungo cha miaka 7, maana yake ni kwamba Mahkama haiwezi kuvuka hapo. Inaweza kutoa mwaka mmoja, au faini, au kumwachia mkosaji kwa masharti kwamba asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kupangiwa kazi za kijamii mahali pa gereza. Mahkama huangalia iwapo ni kosa la kwanza, iwapo mali imerudi na iwapo mkosaji amekiri mapema.

Pale sheria inaposema kifungo kisichopungua miaka 5 au 30, Mahkama haina njia ya kushuka, hata hakimu akiona huruma. Utaratibu huu si mpya. Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24 kwa makosa yaliyoorodheshwa, yakiwemo wizi wa mifugo na wizi wa watumishi wa umma. Nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya mwaka 1972, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo Sura ya 90.

MAHKAMA, USHAHIDI NA MALI YA WIZI

Mashauri mengi ya wizi wa kawaida huanzia Mahkama ya Mwanzo. Uwezo wake wa kawaida ni kifungo kisichozidi miezi 12, isipokuwa pale sheria inapoiruhusu kuvuka hapo. Mahkama ya Wilaya na ya Hakimu Mkaazi, kwa kawaida, hazitoi kifungo kinachozidi miaka 5, isipokuwa kwa makosa ambayo sheria imeyawekea adhabu kubwa zaidi. Kwa hivyo aliyeshitakiwa kwa wizi mdogo katika Mahkama ya Mwanzo hakabiliwi na ile miaka 7 inayosomeka katika kifungu.

Ushahidi unaotumika sana katika mashauri haya ni ule wa kukutwa na mali. Mahkama ya Rufani, katika hukumu inayorejewa mara kwa mara ya rufaa iliyofunguliwa Mbeya mwaka 2007, ilieleza mambo yanayopaswa kuthibitishwa: kwamba mali imekutwa kwa mshitakiwa, kwamba ni mali ya mlalamikaji bila shaka, kwamba imeibiwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa katika hati ya mashtaka. Hayo yakithibitika, mshitakiwa anatakiwa atoe maelezo ya kuridhisha. Jambo hili lina mafunzo mawili. Mwenye mali aweke alama, namba na risiti, kwa kuwa kusema tu "hii ni yangu" hakutoshi. Mnunuzi naye aweke stakabadhi, kwa kuwa kupokea mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa kamili, na bei ya chini mno ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa na Mahkama.

Polisi wanapopekua na kuchukua kitu, sheria inawataka watoe stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa. Mwananchi aidai, aisome na kuitunza.

WATOTO

Mtoto aliye chini ya miaka 10 hana dhamana ya jinai. Wenye umri wa chini ya miaka 18 husikilizwa katika Mahkama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Mbeya ni miongoni mwa miji michache yenye jengo maalumu la Mahkama hiyo, na mkoani humo ndiko iliko Skuli ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa watoto walioamriwa na Mahkama. Mzazi au mlezi anayearifiwa kwamba mtoto wake amekamatwa afike haraka, akiwa na cheti cha kuzaliwa.

HAKI ZA MTUHUMIWA NA RUFAA

Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika kwamba ametenda kosa hilo. Mtuhumiwa wa wizi ana haki ya kuomba dhamana. Mtuhumiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha hana, kwani kosa hilo limo katika orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Ndiyo maana maneno ya hati ya mashtaka yana uzito tangu siku ya kwanza: neno "silaha" likiwemo au lisiwemo huamua iwapo mtu atasubiri shauri lake nyumbani au mahabusu.

Wageni wanatanabahishwa juu ya jambo moja mahsusi. Msafiri anayetaka kuwahi basi na boti huweza kushawishika kukiri kosa ili "yaishe". Aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe katika Mahkama ya Wilaya hana rufaa juu ya hatia, isipokuwa juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu. Kabla ya kujibu shitaka, mtu aombe lisomwe tena, aelezwe kila sehemu yake na kima cha adhabu, na kama ana maelezo kwamba alidhani mali ni yake, ayaseme hapo hapo. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahkama ya Mwanzo hukata rufaa Mahkama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Mahkama ya Wilaya, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila ya kuhesabu siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Mahkama Kuu ina masjala zake Mbeya na Iringa. Juu yake ni Mahkama ya Rufani, ambayo ni moja kwa pande zote mbili za Muungano.

KUJICHUKULIA SHERIA MIKONONI

Hakuna kifungu chochote, Bara wala Zanzibar, kinachoweka adhabu ya kifo kwa wizi. Hata hivyo watu wameuawa kwa mawe na kwa moto katika miji na vijiji kwa kupigiwa ukelele wa "mwizi", na baadhi yao hawakuwa wameiba kitu. Raia anayemwona mtu akitenda kosa anaruhusiwa na sheria kumkamata, na anatakiwa amkabidhi Polisi bila ya kuchelewa. Ruhusa yake inakomea hapo. Akifa aliyepigwa, kila aliyeshiriki katika kipigo hicho kwa nia moja na wenziwe anaweza kushitakiwa kwa mauaji ya kukusudia, ambayo adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Mwenye simu iliyochomolewa sokoni alikuwa mlalamikaji aliyestahili kurejeshewa mali yake na kuomba fidia. Akichukua jiwe anaweza kuwa mshitakiwa wa kosa zito kuliko alilotendewa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa muhtasari, watumishi na wananchi wanaokwenda Mbeya, Iringa na mikoa ya Njombe na Songwe iliyotengwa nayo mwaka 2012 na mwaka 2016 wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Fedha ya umma au ya mwajiri isichukuliwe kwa muda bila ya idhini, kwani azma ya kuirejesha haiondoi kosa.

2. Mifugo, mbao na mazao yanunuliwe kwa hati, na hati hizo zisafiri pamoja na mzigo.

3. Anayeibiwa atoe taarifa kituo cha Polisi kilicho karibu mapema iwezekanavyo, akitaja alama na namba za mali yake.

4. Anayetuhumiwa aombe kuelezwa kwa ukamilifu shitaka lake, kifungu chake na adhabu yake, na asikiri kwa ajili ya haraka.

5. Anayekamata mwizi amfikishe Polisi akiwa hai.